Nacheza Poka Mtandaoni kwa Jina la Mdogo Wangu Aliyefariki

Mpendwa mshauri Mama Dorcas, shikamoo. Naomba msaada wako katika jambo ambalo nimeshindwa kumwambia hata padre, si kwa kuwa ni kubwa kuliko ya wengine, bali kwa kuwa kila nikianza kulieleza linasikika kama la mtu aliyechanganyikiwa, na mimi sijachanganyikiwa, nimefiwa tu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, ni fundi cherehani hapa Mkolani, kwa hiyo nikikosea kuandika unisamehe, na kama barua ni ndefu mno kwa gazeti ikate unavyoona inafaa na majina uyabadilishe, lakini naomba usikate sehemu ya Winnie.

Mdogo wangu wa mwisho aliitwa Elias. Mama alifariki kabla Elias hajaanza shule, nikamlea mimi, nikamshonea kaptula ya kwanza ya shule kwa kitambaa cha sketi yangu, na mpaka amekuwa mtu mzima alikuwa hawezi kulala kama mlango wa jikoni haujafungwa kwa komeo, alikuwa anaamka kwenda kuutazama. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, meza ya minofu, na huko kisu kilimkata kidole cha shahada kikabaki hakikunjiki, kisha akapata watu wa kumsaidia akaenda Uingereza kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Kila Jumapili alinipigia simu kuniuliza nimepika nini, nikimwambia viazi vitamu na maharage alikuwa anasema, "Dada, usinitese, mimi hapa nakula mkate kama mgonjwa."

Huko ndiko alikojifunza poka ya kwenye simu. Kwa wasomaji wasioujua, ni mchezo wa karata, kila mtu ana karata mbili anazoziona yeye peke yake na nyingine zinawekwa wazi mezani, watu wanaweka dau, mwenye mkono mzuri anachukua au mwenye uso mgumu anawatisha wenzake wanatupa karata zao. Elias alinieleza kwamba kule jambo hilo ni halali, kampuni ina leseni ya serikali, mtu mzima anafungua akaunti kwa jina lake na kitambulisho chake, anacheza kwa dau dogo wakati wa mapumziko ya kazi na hakuna anayemshangaa. Alikuwa anacheza meza moja na mfanyakazi mwenzake anayeitwa Winnie, Mjaluo wa Kisumu. Kwenye akaunti Elias aliweka picha ya samaki, sato, kwa hiyo Winnie akamwita Ngege, ambalo ndilo jina la sato kwao.

Figo zikamharibikia akarudi nyumbani. Siku za kwenda hospitali kusafishwa damu nilikuwa namsindikiza, na siku za kubaki nyumbani alinifundisha karata juu ya ungo, maharage ndiyo yakiwa pesa zetu. Mimi sikuweza kuficha kitu. Nikipata karata nzuri naanza kuimba wimbo wa kanisani bila kujua, yeye anaweka za kwake chini anasema, "Dada ameanza kuimba, mimi sichezi." Mpaka leo nikifagia chini ya kitanda chake nakuta maharage.

Alipotaka kuendelea kucheza na Winnie akiwa hapa Mwanza simu ikakataa, ikasema mchezo haupatikani mahali alipo. Binamu yetu Pius, fundi simu wa Igogo, akamwekea programu ya kuificha simu ionekane ipo Uingereza. Nakumbuka alivyomrudishia, alisema, "Kaka, sasa simu yako ipo London na miguu yako ipo Mkolani." Elias akamuuliza, "Na polisi wakija watakamata simu au miguu?" Pius akajibu, "Watakamata fundi, kama kawaida," tukacheka wote watatu, na mimi kati ya siku zote za ugonjwa ule siku hiyo ndiyo naipenda.

Alifariki mwezi wa tatu, asubuhi, nimetoka kumfuatia uji. Uji niliurudisha nyumbani, sikujua niufanye nini.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kama ni kosa. Katika ukoo wetu siku ya arobaini nguo za marehemu zinagawiwa, na mtu mmoja anakabidhiwa jina lake, mara nyingi mwanaume, lakini Elias hakuacha mtoto na kaka zetu hawapo, kwa hiyo baba mdogo Mashimba akasema aliyemlea ndiye atakayemshika. Akanivika koti la Elias mbele ya watu, akaniwekea simu yake mkononi, akasema kwa sauti, "Kuanzia leo Elias ni huyu. Mwenye shida na Elias aje kwa huyu. Anayemwita Elias, huyu ataitika." Kisha akaniita, "Elias!" Mimi nikaitika, "Abee," wanawake wakaanza kunicheka kwa machozi yao kwamba mwanaume gani anaitika abee, ilibidi niitwe tena niseme, "Naam."

Usiku wa siku hiyo sikufungua simu, niliifungua Jumapili baada ya misa. Namba ya siri nilikuwa naijua kwa sababu mikono yake ilipokuwa inatetemeka mimi ndiye niliyekuwa namfungulia. Nikagusa pale penye karata, nilitaka kuona tu, meza ikafunguka, viti sita, na kwenye kimoja likawaka jina lake na ile picha ya sato. Kabla sijafanya lolote yakaja maandishi kutoka kwa Winnie. "Ngege, uko?"

Mama Dorcas, nilikuwa nimeambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba akiitwa niitike. Nikaandika, "Nipo."

Tangu siku hiyo kila Jumapili mchana, Winnie akiwa kwenye mapumziko yake, mimi nakaa mezani nikiwa Elias. Nacheza vibaya. Aliniandikia, "Ngege, siku hizi unacheza kama mtu anayetoa sadaka." Siku nyingine, "Ni dawa zinakulevya ama ni mapenzi?" Alipouliza kama napata nafuu nikamwandikia naendelea vizuri, akasema asante Mungu, akasema kuna bibi mmoja mzee wanayemtunza kule huwa anamuuliza kama Elias amepona na lini atarudi. Niliandika naye asalimiwe. Siendi pale kwa ajili ya pesa, iliyomo sijawahi kuitoa na dau naweka lile dogo kabisa. Naenda kwa sababu kijijini kwenye kaburi hakuna mtu anayemwita, hapa nyumbani watu wamenyamaza jina lake wakidhani wananihurumia, lakini pale mezani anaitwa, anataniwa, anatukanwa kwa upole kama mtu aliye hai, na watu ambao siwafahamu wanamngojea zamu yake.

Mwezi huu kampuni ikaleta ujumbe kwamba mwenye akaunti athibitishe ni yeye, ashike kitambulisho, atazame kamera, ageuze uso kushoto na kulia. Nikaenda kwa Pius. Pius akasema, "Dada, hilo dogo. Yeremia akinyoa ndevu ni Elias mtupu. Anashika pasipoti, anageuka kushoto kulia, mchezo unaendelea." Yeremia ni mtoto wa baba mdogo Mashimba, ni kweli wanafanana mpaka msibani wazee wengine walishtuka walipomwona. Nilimuuliza Pius kama hiyo si jinai, akasema, "Jinai ya wapi? Akaunti ya Uingereza, wewe upo Mkolani. Mzungu apande ndege aje kukukamata kwa ajili ya karata?"

Nikamuuliza Tereza tunayeimba naye kwaya, bila kumwambia ni mimi. Akasema poka ni marufuku Tanzania nzima, ukikamatwa ni jela, na kwamba ana ndugu Uarabuni na kule hata kuizungumzia huwezi. Pius alivyosikia akasema Tereza anachanganya dhambi na kosa, hapa mjini watu wanabeti mechi mchana kweupe kwa leseni, iweje karata ndizo ziwe haramu. Mteja wangu anayevuka kwenda Uganda kwa biashara ya nguo akasema kule ni ruhusa ila uwe umetimiza miaka ishirini na mitano. Basi mimi nimekaa Mkolani, akaunti ni ya Uingereza, Winnie ni Mkenya aliyeko Uingereza, jirani yake mezani anasema yupo Kanada, najiuliza karata ninayoitupa inaangukia katika nchi gani na ni hakimu yupi anayepaswa kuniita.

Hilo lingekuwa peke yake ningekuandikia barua fupi. Jumapili iliyopita Winnie aliniandikia tukiwa katikati ya mchezo. Nanakili maneno yake yote. "Ngege, nimepata likizo. December naja Kisumu, nitashuka mpaka Mwanza nikuone. Na lile swali uliniuliza siku nilikupeleka airport, nimefikiria sana. Jibu ni ndiyo."

Zamu yangu ya kucheza ikapita, mashine ikanitupia karata zangu yenyewe. Mimi niliandika, "Asante." Yeye akatuma picha ya moyo.

Sijui swali lilikuwa nini. Elias hakuniambia. Nimekaa na cherehani yangu nikifikiri, nimeshona mkono wa gauni la mtu upande wa nje ikabidi niufumue. Naomba uniambie, je, ninavunja sheria, na kama ninavunja ni ya nchi ipi, nimruhusu Yeremia akae mbele ya kamera au niache? Nikiacha, jina lake litazimika pale mezani na Winnie atauliza yuko wapi, na mimi ndiye niliyeambiwa niitike. Naogopa kumpoteza Elias mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemzima kwa kidole changu mwenyewe.

Ni mimi dada yake, Odeta, Mkolani.

*

Marahaba, Odeta, na pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili na sikukata hata neno. Pole kwa Elias, pole kwa mwaka huu mzima. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema.

Umeanza na sheria, nami nianze nayo, ingawa nadhani uliileta mbele ili ile nyingine ikae nyuma yake. Mimi si wakili. Nilimpigia wakili mmoja wa hapa Mwanza, mtu asiyependa maneno mengi, na ninayokuandikia ni yake kwa ulimi wangu. Tereza amekosea. Tanzania haijapiga marufuku michezo ya kubahatisha. Ina sheria yake na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, pamoja na za mtandaoni, na mchezaji awe ametimiza miaka kumi na minane. Pius naye amekosea, na kosa lake ni baya zaidi kwa sababu anakuuzia kama ujuzi. Leseni ya Uingereza ni ya Uingereza. Waulize wavuvi: maji ya ziwa ni yaleyale na sangara hana pasipoti, lakini mwenye leseni ya upande wetu akitega nyavu upande wa Uganda au wa Kenya anakamatwa, na hawezi kujitetea kwamba kwao anaruhusiwa. Mstari hauonekani juu ya maji lakini doria wanajua ulipo.

Na karata ni hivyo hivyo. Nchi moja inaruhusu kwa leseni, nyingine inakataza kabisa, Marekani majimbo yanatofautiana hili na lile, jirani zetu Uganda umri wao ni huo aliokuambia mteja wako, Kenya wana chombo chao na sheria yao. Umeuliza karata yako inaangukia nchi gani. Wakili alicheka kidogo kwa swali hilo, akasema ni swali zuri kuliko wanayomletea ofisini. Jibu lake ni kwamba kwanza wanatazama mchezaji amekaa wapi. Wewe umekaa Mkolani. Kampuni ile haikutaka wachezaji wa Mkolani, ndiyo maana simu ilikataa tangu Elias alipokuwa hai, na ile programu ya Pius haikuipeleka simu London, ilisema uongo tu kwamba ipo London. Elias mwenyewe aliingia kwenye kosa hilo, Mungu amrehemu, na kampuni ikiligundua ina haki ya kufunga akaunti na kushikilia kilichomo. Kama unataka kujua kampuni yoyote ina leseni hapa kwetu, Bodi ipo, uliza Bodi. Usiulize kwaya wala kibanda cha simu.

Hayo yote ni mjadala wa nchi na nchi. La Yeremia halina mjadala. Kumweka mtu aliye hai mbele ya kamera, ashike pasipoti ya marehemu, aseme mimi ndiye, hilo halina nchi ya kukimbilia, Odeta. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao inakataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta, na simu ni kompyuta. Kwa Uingereza wakili alisema hata asihangaike kunieleza. Pius atakuwa amekaa kibandani kwake anakunywa soda, uso utakaobaki kwenye mashine ya watu ni wa Yeremia. Umemzika kijana mmoja wa ukoo wenu mwaka huu. Wa pili unataka kumpeleka wapi? Na wewe uliyekuwa unaandika kwa jina lake Jumapili zote hizi, nawe umo, usijifiche nyuma ya koti. Mzungu hatapanda ndege, hilo Pius kasema kweli. Lakini wewe hukuniandikia kwa kuogopa Mzungu.

Tuje kwa baba yako mdogo Mashimba. Sitamlaumu, alifanya linalofanywa na wazee wa ukoo wenu, na alikuchagua wewe kwa haki. Ila kaa ufikirie alichokukabidhi. Mwanaume anayekabidhiwa jina la kaka yake haendi kazini kwa kaka yake akamwambia bosi kwamba hajafa. Anaenda kusema: mwenye jina hili amefariki, mimi nimekuja kwa niaba yake, kuna lipi lililobaki? Ndiyo kuitika huko. Winnie alipouliza "Ngege, uko?" ulikuwa na neno la kumjibu, na wewe ndiye pekee katika ukoo mzima uliyepewa kazi ya kulisema. Ukaandika "Nipo". Naelewa kwa nini. Mimi pia ningetamani mtu wangu mmoja aitwe mahali fulani na mtu aseme yupo. Lakini umemnyima mwanamke huyo msiba wake. Sisi watu wa ziwa hili jirani akifiwa tukachelewa kuambiwa hata nusu siku, tunanuna mwaka mzima. Huyu umemwacha anacheka, anatania, anaomba likizo kazini, anamsalimia mgonjwa aliye chini ya udongo, tangu arobaini mpaka leo.

Unasema hujui swali lilikuwa nini. Unajua, Odeta. Mimi najua na sijawahi kumwona Winnie. Mwanamke hakai na swali la uwanja wa ndege miezi yote hiyo akitafuta jibu, kisha akalipeleka pamoja na mwezi wa safari, kama swali lenyewe ni habari ya zamu za kazi. Alimjibu mdogo wako, na wewe ukapokea jibu lisilo lako ukasema asante. Hapo ndipo nilipoweka barua yako chini nikatoka nje kidogo.

Usipomwambia sasa, Desemba atashuka Mwanza na zawadi za mgonjwa mkononi. Atazipeleka wapi? Utamfungulia mlango wewe, na koti la Elias limetundikwa ukutani nyuma yako.

Basi fanya hivi. Gazeti hili linasomwa mitandaoni pia, na Winnie anasoma Kiswahili; ndiyo maana jibu hili nakutumia kwa namba uliyoacha, na sitalichapa mpaka uniambie umemaliza. Usimwandikie mezani. Msiba hautangazwi kwenye maandishi ya mchezo, katikati ya watu wanaosubiri zamu. Namba yake imo kwenye simu ya Elias, ichukue uipige kwa simu yako wewe, mchana, wakati hayuko zamu, na hakikisha kuna mtu karibu naye. Muulize kwanza, upo na nani hapo? Jitambulishe kwa jina lako. Sema wewe ni Odeta, dada yake. Kisha sema Elias amefariki, kwa neno hilohilo, usiseme ametutoka wala hali yake ilibadilika, maana mtu aliyedanganywa akipewa neno laini atalishika kama tumaini. Mwambie mwezi aliofariki. Atahesabu mwenyewe, atajua alikuwa anaongea na nani. Atakutukana, au atanyamaza. Vyote viwili vumilia, na usikate simu wewe, acha akate yeye.

Usimweleze kuhusu koti na ukoo siku hiyo. Itakuwa unajitetea, na siku hiyo si yako.

Baada ya hapo ndipo uandikie kampuni. Waambie mwenye akaunti amefariki, wakitaka cheti cha kifo wapelekee nakala, wafunge. Kilichomo, kiwe kingi kiwe kidogo, ni mirathi. Ukoo ukae uteue msimamizi na mahakama imthibitishe, anzeni Mahakama ya Mwanzo mtaelekezwa, na kampuni itamjibu huyo, si wewe na si Pius. Laini ya marehemu ipelekeni kwa wenye mtandao. Pasipoti ni mali ya serikali, ipelekeni Uhamiaji, isifike mikononi mwa Pius hata siku moja. Yeremia mwambie asinyoe ndevu kwa ajili ya mtu yeyote. Wewe mwenyewe poka hiyo iache. Huipendi, hukuwahi kuipenda, ulikuwa unakaa karibu na mdogo wako. Na nyumbani vunja kile kimya. Mdogo wako ana jina, litaje ukiwa unapika, wanaokuhurumia watazoea.

Winnie akitaka bado kuja, mpokee. Asikae sebuleni na wageni. Mpeleke ndani kwa wanawake wa ukoo, na baba mdogo Mashimba aambiwe kabla yeye ni nani, ili asiulizwe maswali mlangoni. Mpelekeni kaburini mkamwache kidogo peke yake.

Kuna kitu kimoja atakuuliza, kama si kwa simu basi siku hiyo. Atauliza kama Elias alilisikia jibu lake kabla hajafa. Utatamani sana kusema ndiyo, kwa sababu una moyo mlaini, na kwa sababu hakuna wa kukukanusha. Mwambie hakulisikia.

Mpigie leo.

Mama Dorcas